Gemu ya diski au ya kupakua: ukishalipa, usemi unabaki kwa nani?

Mkazi_Ntinda (muuliza swali)

Habari zenu jamani. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka mfukoni. Mjini kuna PS5 (konsoli ya PlayStation 5 ya Sony) za aina mbili, yenye sehemu ya diski na isiyo nayo. Isiyo na diski ni nafuu, na muuzaji anasisitiza kwamba diski zimepitwa na wakati, sasa kila kitu kinapakuliwa. Watakaocheza ni vijana watatu wa nyumbani: mpira (EA Sports FC), magari, na gemu mbili tatu za hadithi. Intaneti ni bando la simu, na umeme ni huu mnaoujua.

Maswali ni haya. Gemu ya kupakua ni mali yangu au nimekodishwa? Nasikia kampuni inaweza kuizima hata kama umelipa bei kamili. Je, kwa mtu wa bando, kompyuta si bora kuliko konsoli? Na la mwisho: sisi wanunuzi wa Uganda tuna uwezo wowote mbele ya makampuni haya, au tunapiga kelele tu?

---

FundiPadi

Chukua yenye diski. Muuzaji hajadanganya kwamba biashara inahamia kwenye kupakua, ila faida ya kuhama huko si yako.

Ukiwa na konsoli isiyo na diski, duka ni moja tu duniani, PlayStation Store, na bei ni ile waliyoipanga wenye duka. Ukiwa na diski una duka hilo, una maduka ya mjini, una jirani anayeuza aliyoimaliza, una wa kubadilishana naye. Gemu kubwa mpya hutoka kwa dola 69.99. Ukihesabu dola kwa shilingi 3,600, hiyo ni zaidi ya 250,000. Ya diski ukiichoka unaiuza na sehemu ya pesa inarudi. Ya kupakua haiuziki, haiazimiki, hairithiwi. Ulichonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na imefungwa kwenye akaunti. Mpira ndio unaoonyesha tofauti hii vizuri kuliko gemu nyingine: toleo jipya hutoka kila mwaka, na diski ya toleo la nyuma huanguka bei vibaya sana. Wawili mkicheza mechi sebuleni, au mmoja akiendesha msimu wa kocha, toleo la miaka miwili nyuma linatosha kabisa na halihitaji mtandao.

Ila diski nayo ina mitego yake.

Kwanza, PS5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 ina kiendeshi cha diski kinachochomolewa. Kikiunganishwa na konsoli kwa mara ya kwanza lazima intaneti iwepo ili kisajiliwe. Bila hatua hiyo hakisomi chochote. Kwa hiyo usinunue boksi lililofungwa ukaondoka. Omba konsoli iwashwe palepale dukani, zima Wi-Fi, ingiza diski, gemu ifunguke mpaka ufike uwanjani. Muuzaji akigoma, duka la pili halipo mbali. PS5 Pro, kwa taarifa yako, haiji na kiendeshi kabisa. Kinauzwa kando.

Pili, si kila diski ina gemu ndani yake. Diski ya PS5 ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ilikuwa na kama MB 70 tu, gemu yenyewe ukaipakue. Kwa mtu wa bando hiyo ni karatasi ya risiti yenye umbo la diski. Kabla ya kununua, angalia nyuma ya kasha kama kuna maandishi ya kudai intaneti, kisha tafuta jina la gemu kwenye Does It Play, kundi linalojaribu diski bila mtandao na kuandika matokeo. Nintendo wamefanya hivyohivyo kwenye Switch 2: kuna kadi ambazo ndani yake mna ufunguo tu. Angalau hizo unaweza kuziuza tena.

Tatu, masasisho. Ukiingiza diski huku Wi-Fi imewaka, konsoli inanakili gemu kutoka kwenye diski na papo hapo inaanza kuvuta sasisho, na sasisho la GB 20 au 30 si ajabu. Zima Automatic Updates kwenye mipangilio, na wakati wa kunakili kata mtandao kabisa. Cheza kwanza ile iliyo kwenye diski. Sasisho utalivuta ukiona kuna hitilafu inayokukera.

Kama bado utanunua gemu za kupakua, washa Console Sharing and Offline Play kwenye konsoli yako (Settings, Users and Accounts, Other). Hiyo ndiyo inayoruhusu gemu zako kufunguka bila mtandao, na ndiyo inayowaruhusu vijana wengine wa nyumbani kuzicheza kwenye akaunti zao. Isipowashwa, mtandao ukipotea unaweza kukuta gemu imewekewa kufuli. Kumbuka Januari 2021, uchaguzi, nchi nzima ilikaa siku kadhaa bila intaneti. Gemu inayotaka kupiga hodi kwenye seva kila ikiwashwa ilikuwa pambo.

Akaunti za bei chee zinazouzwa mitandaoni, "gemu kumi kwa elfu hamsini", ziache. Mwenye barua pepe ya mwanzo anairudisha siku anayotaka, na huna pa kushtaki.

---

Boda_na_Bando

FundiPadi kasema yote isipokuwa moja, na ndiyo inayowauma watu wa hapa zaidi: Uganda haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony yenye akaunti na duka. Ukifungua akaunti hutaiona kwenye majina ya nchi. Watu huchagua Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na hapo matatizo yanaanza.

Nchi ya akaunti haibadiliki. Ukishachagua umechagua, na ukitaka nyingine unaanza akaunti mpya yenye rafu tupu. Kadi ya benki ya hapa kwa kawaida inakataliwa kwenye duka la Marekani kwa sababu anwani ya malipo haifanani, kwa hiyo unabaki na kadi za zawadi. Kadi ya zawadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na ukishakwangua namba hakuna dukani atakayekurudishia. Halafu kuna kodi ya jimbo: gemu ya 69.99 inaweza kupita 70 ukifika kulipa, na salio la 70 kamili linakwama. Mtu analazimika kununua kadi nyingine kwa ajili ya dola nne.

Na huyo muuza kadi anaongeza chake juu. Linganisha anakouzia dola moja na kiwango cha benki siku hiyohiyo, ndipo utajua bei halisi ya gemu.

Diski za PS4 na PS5 zenyewe hazijafungwa kwa eneo, ya Dubai au ya London zote zinacheza. Kinachofungwa ni nyongeza. Ukinunua nyongeza ya ramani au magari kwenye akaunti ya Marekani halafu diski yako ni ya Ulaya, mara nyingi havionani. Angalia ubavuni mwa kasha: namba inaanza na CUSA kwa PS4, PPSA kwa PS5. Itafute hiyo namba mtandaoni, itakuambia toleo ni la eneo gani, kisha fungua akaunti inayolingana na diski unazozipata kwa urahisi mtaani kwako. Watu wengi hufanya kinyume, wanafungua ya Marekani kwa mazoea.

Jambo la kujua pia: masharti ya Sony yanadai taarifa za kweli. Akaunti yenye anwani ya nchi usiyoishi ni akaunti ambayo siku ikifungwa hoja ya kisheria iko upande wao. Wengi wanaishi nayo miaka bila shida, sawa, lakini usirundike humo gemu za milioni mbili.

---

Kasese_PC

Kuhusu kompyuta: kama bajeti inaruhusu, ndiyo, mnunuzi ana nafasi zaidi. Si kwa sababu makampuni ya huko ni ya upole. Ni kwa sababu maduka ni mengi, Steam, GOG, Epic na mengineyo, na kucheza mtandaoni hakulipiwi usajili. Kwenye PS5, gemu ya kulipia ikichezwa mtandaoni inadai PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony, juu yake.

Steam inauza Uganda bila kudanganya nchi. Bei ni za dola, kadi ya Visa au Mastercard ya benki inakubali mradi malipo ya mtandaoni yamefunguliwa. Kurudishiwa pesa: ndani ya siku 14 tangu ununue na uwe umecheza chini ya saa 2. Unaingia ukurasa wao wa msaada, Purchases, unachagua gemu, unaomba. Tahadhari moja: saa hizo 2 zinahesabiwa tangu programu ifunguke. Gemu nyingine hukaa dakika 20 zikitayarisha michoro kabla hujaona chochote, na zenye programu ya pili ya kuanzishia zinakula muda pale pia. Jaribu mambo makubwa kwanza: inafunguka, inaenda bila kukwama, padi inakubali. Hadithi itasubiri.

Linganisha na PlayStation Store: siku 14 pia, lakini ukishaanza kupakua haki hiyo imekwisha, isipokuwa gemu iwe mbovu. Yaani unaweza kubadili mawazo mradi hujaigusa! GOG wanakupa siku 30 hata kama umecheza.

Na GOG ndilo duka pekee kubwa ninaloweza kusema unabaki na kitu mkononi. Gemu zao hazina kufuli la kukagua leseni. Unapakua faili za kusakinisha, kubwa zinakuja vipandevipande vya kama GB 4, unaziweka kwenye diski ya nje, na miaka kumi ijayo zitasakinika hata kama GOG hawapo. Hesabu vipande vyote kabla ya kuzima. Kikikosekana kimoja cha .bin, usakinishaji unafia katikati.

Kwa Steam bila mtandao: ingia ukiwa hewani, weka tiki ya kukumbukwa, maliza masasisho yote, fungua gemu mara moja mpaka ifike menyu, ndipo uchague Go Offline. Wanaoruka hatua ya kufungua gemu ndio wanaolalamika kwamba haifanyi kazi. Upande wa kulia wa ukurasa wa gemu soma kama kuna kufuli la ziada, mfano Denuvo, au sharti la akaunti ya kampuni nyingine. Gemu za mpira za EA kwenye kompyuta zinadai programu ya EA hata ukizinunulia Steam.

Bando? Mwenzako mwenye gemu ileile anaweza kukupa faili zake. Kompyuta zote mbili kwenye ruta moja, washa uhamishaji wa faili za gemu kwa mtandao wa ndani kwenye mipangilio ya Downloads, na GB 100 zinapita bila kugusa bando. Au nakili kwa diski ya nje kupitia Properties, Installed Files. Leseni bado kila mtu anunue yake.

---

Mzee_wa_Jinja

Nimewasoma vijana, maelezo ni mazuri, lakini swali la mwisho la ndugu yetu mmelikwepa. Uwezo gani tulio nao? Mimi nasema karibu hakuna.

Microsoft, wenye Xbox, ilinunua Activision Blizzard, watengenezaji wa Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7, ikakamilisha Oktoba 2023. Wasimamizi wa soko wa Marekani walikwenda mahakamani, wa Uingereza walizuia kwanza, mwisho ikapita. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba EA wenyewe, wenye mpira wenu, wananunuliwa kwa bilioni 55 na kundi linaloongozwa na mfuko wa taifa wa Saudia. Steam inachukua asilimia 30 ya mauzo ya mtengenezaji kwa kiwango cha kawaida. Apple na Google walijenga maduka yao kwa kiwango hichohicho, mpaka Epic ikawapeleka mahakamani 2020. Unadhani asilimia 30 hiyo inalipwa na nani?

Bei ya mwaka ya PS Plus ya chini ilipanda kutoka dola 59.99 hadi 79.99 mwaka 2023. Watu walipiga kelele wiki mbili, kisha wakalipa. Game Pass Ultimate, usajili wa gemu wa Microsoft, ikaruka kutoka 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi Oktoba 2025. Hayo yanafanywa kwa Wamarekani, wenye soko. Sisi ambao hata jina la nchi halimo kwenye fomu, kususia kwetu kutaonekana kwenye daftari gani? Hata huo uhuru wa kuchagua mnaousema ni kuchagua kati ya milango mitatu ya nyumba moja.

---

Kasese_PC

Mzee, hesabu zako ni za kweli ila umechagua zile walizoshinda wao.

Juni 2013 Microsoft walitangaza konsoli ya Xbox One itakayodai mtandao kila baada ya saa 24 na kubana uuzaji wa diski zilizotumika. Sony wakasema ya kwao haina masharti hayo, tena ni dola 399 dhidi ya 499. Tarehe 19 mwezi uleule Microsoft wakafuta mpango wote. Hakuna mahakama iliyoingia hapo, ni mshindani na mnunuzi tu. Agosti 2024 Sony walitoa gemu ya Concord kwa dola 40. Haikununuliwa, na baada ya wiki mbili wakaizima na kurudisha pesa zote.

Na lile linalotugusa sisi: Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PSN. Gemu ilikuwa tayari imeuzwa kwa nchi zisizo na PSN, yetu ikiwamo. Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yakamiminika Steam ndani ya siku chache, sharti likaondolewa. Maoni ya Steam hayaulizi uko Kampala au Chicago. Aliyelipa ana kura moja. Ndiyo, nchi zaidi ya 170 zilizoondolewa kwenye mauzo zilibaki nje hata baada ya hapo, kwa hiyo ushindi ulikuwa nusu. Lakini mwanzoni mwa 2025 Sony wakalegeza, sharti la PSN likawa hiari kwenye baadhi ya gemu zao za kompyuta za mchezaji mmoja, mfano God of War Ragnarök.

Sasa jibu la ndugu wa Ntinda kuhusu kuzimwa. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya 2014, ilizimwa seva 31 Machi 2024. Mtu alikuwa na diski halali mkononi na hakuweza kuendesha hata peke yake, kwa sababu gemu nzima ilitegemea seva. Baadaye leseni zikaondolewa kwenye akaunti. Hapo ndipo Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ya kutaka gemu zilizokwisha kuuzwa zisizimwe, na ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni moja mwaka 2025. Hizo saini ni za raia wa Ulaya tu. Mtu wa huku akitia saini kwa anwani ya uongo anawaharibia. Ubisoft nao walitangaza kuwapa warithi wa gemu hiyo, The Crew 2 na Motorfest, hali ya kucheza bila seva. California ikapitisha sheria iliyoanza Januari 2025: duka likiandika "nunua" kwa gemu ya kidijitali lazima liseme wazi kwamba ni leseni. Ukiona maneno hayo kwenye kikapu cha Steam, yametokea huko.

Kwa hiyo kwa gemu za magari, kabla ya kulipa uliza swali moja tu: seva zikizimwa, gari linawaka?

---

Mzee_wa_Jinja

Concord nakupa. Hizo nyingine, subiri seva za Motorfest zizimwe kweli ndipo tuone ahadi. Na bado hujaniambia asilimia 30 analipa nani.

---

Mkazi_Ntinda

Asanteni sana. Nimeshawishika na diski. Limebaki moja: vijana wanataka zile paketi za wachezaji za Ultimate Team, sehemu ya EA Sports FC ya kujijengea timu, na mmoja anacheza mpira wa simu pia. Hapo nazuiaje?

---

Boda_na_Bando

Hapo ndipo pesa inapovuja kuliko bei ya gemu. Paketi hujui kilichomo mpaka ulipe, na wachezaji uliokusanya hawahamii toleo la mwaka unaofuata. Ubelgiji waliamua 2018 kwamba paketi za aina hiyo ni kamari, na EA wakaacha kuuza pointi za FIFA huko mapema 2019. Hapa kwetu kinga ni yako mwenyewe.

Kwenye kila paketi kuna kitufe cha kuonyesha uwezekano. Mfungulie kijana akisome, paketi nyingi zinaonyesha chini ya asilimia moja kwa mchezaji anayemtaka.

Kwenye PS5, wafungulie akaunti za watoto chini ya yako, kupitia Family and Parental Controls. Kikomo cha matumizi kwa mwezi kiache sifuri. Washa sharti la nywila kila ununuzi, na usihifadhi kadi ya benki humo. Ukitaka kununua kitu weka kadi ya zawadi ya kiasi hichohicho.

Kwenye simu ya Android, fungua Play Store, mipangilio, weka uthibitisho kwa kila ununuzi, na uondoe njia zote za malipo, ya laini ya simu ikiwamo kama imeunganishwa. Na mwambie asihifadhi maendeleo ya gemu kwa kuingia na Facebook, maana imefungwa nchini tangu Januari 2021 na siku VPN ikigoma anapoteza timu nzima. Aunganishe na akaunti ya Google au ya mtengenezaji wa gemu, afanye hivyo akiwa bado yuko ndani ya gemu. Akishatoka nje ya akaunti, kuirudisha ni mpaka awaandikie wenye gemu na kusubiri.